Fahali Wangu Amezoea Joto la Kompyuta: Nichukue Pentium au 486?

Kwako Bi. Swafia, mshauri mpendwa wa gazeti letu, msaada ninaouomba leo si wa ndoa wala wa shamba, ni wa prosesa, na usicheke kwanza, maana najua umezoea barua za wanaume waliokimbiwa na wake zao, mimi sijakimbiwa na mke, nimekimbiwa na shemeji, na mahali pake nimebaki na kompyuta.

Jina langu ni Barnaba, wa upande wa Khayega hapa Kakamega, na ukisimama pale stendi ukauliza kwa mwenye Jenereta, hata mbwa atakuonyesha njia. Jenereta ni fahali wangu wa kupigana. Usidhani natia chumvi, mwaka jana alimtazama tu fahali wa ng'ambo ya mto, hata kamba hajafunguliwa, na yule mwenzake akageuka akavuka mto peke yake akarudi kwao, akaingia zizini, akafunga mlango kwa pembe. Mimi niliona kwa macho yangu. Sasa siku ya pili ya Krismasi tuna pigano kubwa, wale wa ng'ambo wameleta fahali mpya wanayemwita Mabati, watu watatoka mpaka Shinyalu na ngoma zao za isukuti, na jina langu lote nililolijenga tangu ujana liko kwenye shingo ya huyu mnyama.

Kwa wasomaji wenu wa mbali ambao kwao ng'ombe ni wa maziwa tu, nieleze kidogo. Fahali wa kupigana anafichwa. Watu hawamwoni ovyo, kwa sababu wa upande wa pili wanapenda kutuma mtu aje aone anakula nini, au amwekee kitu cha kumlegeza. Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye anakaa naye, anamlisha, anazungumza naye, anamkuna pale nyuma ya pembe, na asubuhi na umande anampeleka kwenye kichuguu akichimbe kwa pembe mpaka udongo uruke, hapo ndipo shingo inapokomaa na hasira inapopanda. Kwangu mtu huyo ni shemeji yangu Kibiwott, Mnandi, amemwoa dada yangu Alice, wanalima mahindi kule Chekalini. Pigano likikaribia anakuja na koti lake na redio yake anakaa na Jenereta kama pacha wake.

Basi mwezi uliopita nikaingia mjini Kakamega kwa fundi George, yule mwenye kibanda nyuma ya soko, anayetengeneza redio na siku hizi anauza kompyuta zilizotumika, nikakuta ana kamera ndogo kama ngumi ya mtoto. Akaniambia ukiifunga kwa kompyuta inapiga picha yenyewe, inaziweka ndani, unakuja kuzitazama baadaye. Mimi nikaona hapa hapa, huu ndio mwisho wa wachawi wa ng'ambo. Unajua mimi si mtu wa kushangaa mashine, nilisoma mpaka la saba, na la nane nikalisomea dirishani, na nilipofanya kazi kwenye miwa ni mimi nilimfundisha mzungu kurudisha trela nyuma, akaandika barua kwao Uingereza kunitaja.

George akaniuliza, "Mzee Barnaba, kwako kuna stima?"

Nikamwambia, "Milingoti imefika shuleni ikachoka. Mimi niko na sola juu ya paa na betri ya lori."

"Basi chukua hii," akasema, akinionyesha kompyuta moja ya rangi ya maziwa yaliyolala. "Ni foo eti siksi. Ni ya zamani, lakini prosesa yake, yaani ubongo wake, inakula moto wa stima kidogo sana. Betri yako itaiweza."

"Na ile nyingine?"

"Ile ni Pentium. Ina nguvu na mbio, lakini inakula. Na inachemka mpaka imewekewa feni kichwani."

Bi. Swafia, sema wewe mwenyewe. Mtu mwenye Jenereta anaweza kwenda nyumbani amebeba kitu kinachokula kidogo? Kwetu mgeni akimega obusuma, yaani ugali, mara mbili akanawa mikono tunamwuliza kama ana malaria. Fahali anayekula kidogo tunamwuza. Mtoto anayekula kidogo tunampeleka hospitali. Nikamwambia George anifungie ile inayokula. Tukaelewana niijaribu, na kabla hajafunga kibanda kwenda Krismasi nimjibu, ni hiyo au nirudishe nichukue foo eti siksi.

Nikafika nayo nyumbani nikawaita watu. Nikawaambia prosesa hii inaweza kuhesabu mahindi yote ya Lugari huku maji ya chai hayajachemka. Kibiwott alikuwa amekaa kwenye ndoo anakatakata majani ya Jenereta. Nikamwambia, "Shemeji, sasa unaweza kupumzika. Mashine itamwangalia."

Akaendelea kukata majani. "Itamwangalia," akasema. "Na kumkuna itamkuna na nini?"

"Kukuna si kazi kubwa."

"Na asubuhi itampeleka kichuguuni kwa waya?"

Watu wakacheka, na mimi sipendi kuchekewa kwangu, nikamjibu kwamba hii ina akili kuliko Mnandi na Mluhya wakifungwa pamoja, na haikohoi, na haiombi chai. Akamaliza majani, akamwekea Jenereta, akavaa koti, akachukua redio, akamuaga mke wangu Jael kwa mkono, akaenda zake Chekalini. Mimi nilidhani amefurahi kupumzika.

Sasa, waya ya kamera ilikuwa fupi, haikufika nyumbani, ikabidi kompyuta nzima na kioo chake niviweke mle mle zizini, kwenye rafu nyuma ya ubao unaomtenga Jenereta. Siku ya kwanza ilikuwa raha kabisa. Picha zilitoka safi, Jenereta akila, Jenereta amesimama, Jenereta amegeuka, na mimi nimekaa kwenye kiti mbele ya kioo kama D.C. Kesho yake asubuhi, katika kuzipitia, nikaona kitu. Mtu mnene, mwenye kofia, ameinama kabisa karibu na ndume wangu, sura haionekani. Nikapiga kelele mpaka bonde likaitika. Majirani wakaja na rungu, mmoja akaja na mchi wa kutwangia. Nikawaonyesha. Nikasema huyo hapo, ametumwa na watu wa Mabati, na ona alivyo mbaya, hata kuinama kwake ni kwa kichawi.

Jael akasogea karibu na kioo akatazama kwa makini. Akasema, "Mchawi asingeshika suruali hivyo. Huyo ni wewe. Hiyo ni kofia niliyokushonea mimi."

Watu hawajamaliza kucheka mpaka leo. Lakini hilo si shida, mimi kicheko nimekizoea, shida ni Jenereta mwenyewe. Ile feni ya Pentium inatoa hewa ya moto, na inanguruma polepole, na ubao una nafasi. Fahali akagundua. Siku ya tatu nikamkuta amelaza ubavu wote pale penye joto, macho nusu, mdomo unatafuna polepole, kama mzee anayeota jua baada ya kupata pensheni. Nikasema atachoka. Hakuchoka. Sasa jua likizama, betri inakwisha, mashine inanyamaza, na hapo Jenereta anaanza kulia. Si kunguruma, Bi. Swafia, kulia, kama ndama. Nimewahi kubadilisha betri kwa nyingine ya kuazima, nikiwa na gauni la mke wangu mabegani kwa sababu ya baridi, ili tu anyamaze, majirani wasisikie.

Nimempeleka kichuguuni mwenyewe. Alikinusa, akakizunguka, akakilalia. Vijana wa isukuti walikuja kumchangamsha, wakapiga ile ya vita kabisa, ile ambayo hata mimi nikiisikia nataka kugombana na mtu. Akasinzia. Mpiga ngoma mkubwa akaniambia, "Mzee, huyu umwekee shuka."

Na nyumbani kuna vita nyingine. Betri ikiisha ndiyo imekwisha, taa hakuna, redio hakuna, na Jael ni mtu wa kusikiliza matangazo ya vifo kila jioni, hakosanga. Anasema watu wanakufa bila yeye kujua, anaonekana mtu asiye na adabu. Anataka nirudishe kila kitu kwa George nikamlete Kibiwott. George naye anasema nichukue foo eti siksi, ambayo haina feni, haina joto. Lakini nikiitoa Pentium, si Jenereta atalia mpaka siku ya pigano? Na nikiiacha, atashuka uwanjani mbele ya Mabati akatafute mahali pa kulala. Na mimi nilishawaambia watu wote ninayo Pentium, nitaanzaje tena kuwaambia nimeshuka cheo nikachukua ya kula kidogo?

Nichagulie prosesa, Bi. Swafia. Krismasi inakuja mbio na George ananitazama.

Ni mimi Barnaba, mwenye Jenereta, Khayega.

*

BI. SWAFIA ANAJIBU:

Barnaba, asalaam aleikum, na pole na kicheko, ingawa mimi mwenyewe nimekiongeza. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na mhariri amejimwagia chai akalazimika kwenda kubadilisha shati. Ningetaka kukuhurumia zaidi, lakini shida yako hukuletewa na mchawi wa ng'ambo. Uliibeba mwenyewe kutoka sokoni.

Tuanze na prosesa, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza. Umeichagua kwa namna unavyochagua fahali na mkwe, yaani anayekula sana ndiye mzima. Mashine haiko hivyo. Mashine inayokula sana nyumbani kwa mtu wa sola ni mgeni anayemaliza chakula cha watoto kisha anasifiwa kwa afya. Kwanza uliza kazi ni gani, halafu uliza moto unatoka wapi. Kazi yako ni kamera moja kupiga picha ya fahali mmoja aliyesimama, kisha ipumzike, kisha ipige nyingine. Kwa kazi hiyo 486 inatosha na inabaki na nafasi ya kupiga miayo. Pentium si mbaya, ningekuwa na stima ya mjini na kamera nyingi za kutazamwa kwa pamoja ningeichukua mimi. Lakini wewe umefunga trela la miwa kwenda kuleta kuni za jiko moja. Wewe uliyefanya kazi kwenye miwa hilo unalijua, hata kama hukumfundisha mzungu yeyote.

Kwa hiyo rudisha Pentium, chukua 486, na ufanye hivyo wiki hii kabla George hajafunga. Jambo la cheo liache. Watu wako hawajui Pentium ni nini, wanajua tu kwamba ulipiga kelele ukajikamata mwenyewe. Ukitaka kujigamba, nenda ukajigambe kwamba mashine yako inakesha kwa betri moja na taa ya nyumbani bado inawaka. Khayega nzima hakuna mwingine wa kusema hivyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo George hakukwambia, au alikwambia ukiwa unahesabu mahindi ya Lugari. Nilimpigia simu mwalimu mmoja wa umeme anayefundisha chuo cha ufundi cha Sigalagala. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza, "Na kioo anakizima?" Nikamwambia barua inasema amekaa mbele yake kama D.C. Akasema basi hata akiweka prosesa ya mchwa betri haitafika asubuhi, kwa sababu kile kioo kinakula kuliko hizo prosesa zako zote mbili ukiziweka pamoja. Kompyuta inapiga picha hata kioo kikiwa kimezimwa. Unakiwasha asubuhi, jua likiwa limepanda juu ya paa, unatazama picha, unakizima. Ukae mbele ya chai yako kama watu wengine.

La pili alilosema, hiyo betri ya lori uache kuikamua mpaka tone la mwisho. Ilitengenezwa kuamsha injini, haikutengenezwa kukesha na fahali, na ukizidi kuikausha kila siku itakufa kabla ya Mabati kufika uwanjani. Ukiona taa inaanza kuwa ya rangi ya machungwa, zima mashine. Na kila jioni taa na redio ya Jael vinatangulia, kompyuta inafuata. Mwanamke aliyekushonea kofia ana haki ya kujua nani amefariki.

La tatu, nunua waya ndefu. Kamera ibaki zizini, kompyuta ihamie nyumbani. Fikiria vumbi la majani makavu linavyoingia kwenye ile feni, na mkojo wa fahali hatua chache kutoka kwenye betri. Ulikuwa unatafuta adui wa Jenereta, kumbe ulikuwa unamwandalia moto wa kumteketeza na zizi lake. Hapa sichekeshi, Barnaba. Iondoe leo, Jenereta akiwa nje malishoni asione inavyotoka, na uzibe ule ubao.

Atalia. Mwache alie. Mtoto aliyezoea mgongo wa mama naye hulia akiwekwa chini, na bado hutembea. Lakini huwezi kumnyang'anya joto ukamwachia giza tupu na mzee mnene anayembadilishia betri akiwa na gauni mabegani. Huyo mnyama hakupenda Pentium. Kwanza alikuwa na mtu wa kumkuna, wa kuzungumza naye, wa kukohoa karibu yake, kisha siku moja yule mtu akavaa koti akaondoka, na kilichobaki chenye joto na sauti mle ndani kilikuwa ni ile feni. Ungekuwa wewe ungelala wapi?

Na hapa ndipo penye barua yako, ingawa uliipitia mbio kama gari lisilo na taa. Umesema ulidhani Kibiwott amefurahi kupumzika. Hukudhani hivyo. Mtu aliyefurahi haendi zake bila kunywa chai. Umemwambia mume wa dada yako, mbele ya majirani, kwamba waya una akili kuliko yeye, kwa sababu tu aliuliza maswali mawili mazuri ambayo mpaka leo huna majibu yake. Kompyuta itamkuna na nini? Itampelekaje kichuguuni? Mimi nimemwuliza mwalimu wa umeme na yeye hajui.

Kwa hiyo nenda Chekalini. Usitume mtu, usitume salamu redioni, na usingoje mpaka uone kama 486 itafaulu kwanza. Hasira ya fahali haiuzwi nyuma ya soko, iko kwenye mikono ya huyo Mnandi na asubuhi zake za umande, na siku zilizobaki zinatosha tu kama utaondoka kesho. Mwambie kamera ipo bado, lakini itakesha ili yeye apate usingizi, si ili aende kwao. Akitaka kuizima, izimwe. Akitaka chai, Jael ana birika.

Beba jogoo mzima, si kifaranga, ingokho hasa, kuku wa kuonekana kutoka barabarani. Ukifika usianze na habari za prosesa. Msalimie dada yako, uliza mahindi yamekaukaje, kaa. Alice atamchinja huyo jogoo, na kwa kuwa wewe ndiye kaka mtu na ndiye mgeni, firigisi, kile kipande cha heshima, ataiweka kwenye sahani yako, kama mlivyolelewa. Ichukue kwa mkono wako, uiweke kwenye sahani ya Kibiwott, kisha unyamaze. Amekaa na Waluhya miaka ya kutosha, ataelewa.